Dawa ya Kiungulia Hukatwa Pole Pole

Jumatatu, 9 Machi 2026
Nimeitwa kituo cha afya! Mama Mathilde, muuguzi wetu hapa Wamaza, anapitia upya dawa za sisi tunaomeza omeprazoli kwa muda mrefu. Akauliza nani aliniandikia. Nikamjibu: kiungulia chenyewe. Nilianza nilipokuwa nachimba dhahabu Salamabila, sikuacha tena. Akacheka, kisha akawa mkali. "Feruzi, mutu hawezi kunywa dawa miaka yote bila kujua sababu iko nini. Hii tutaikata pole pole." Na michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, usiku ni marufuku. Ukatili! Jirani yangu Amuri naye ameitwa kesho. Lazima niachane na dawa kabla yake. Akinitangulia, atajisifu mpaka Kabambare.

Jumanne, 10 Machi
Nimekata. Kwa kisu cha jikoni, pole pole, kama nilivyoagizwa. Vidonge vyote, ili nisisumbuke kila siku. Kumbe ndani ya ganda mna punje ndogo ndogo! Zikamwagika uani. Jogoo wa Amuri akazidonoa zote. Mke wangu Marcelline akasema angalau jogoo hatapata kiungulia, akaenda kuchekea jikoni. Na acheke. Sina dawa, basi nimeshaacha. Nimeshinda!

Alhamisi, 12 Machi
Moto! Kifua kinawaka. Na nimekula wali mtupu tu. Na mchopo mmoja kwa Abdoul mchoma nyama, wa kujifariji. Amuri kapita akaniuliza hali. Nikamwambia ni nzuri sana, huku nameza mate machungu.

Ijumaa, 13 Machi
Nimerudi kwa Mama Mathilde. Akashika kichwa, kisha akanipa vidonge vingine. Kukata si kwa kisu: leo unameza, kesho unapumzika. Ukiacha ghafla, asidi inarudi na hasira. Nile mapema, niinue kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Nimeogopa kweli. Nitatii.

Jumanne, 7 Aprili
Nimeachana na dawa! Nalala vizuri, kifua kimetulia. Nikakimbilia kwa Amuri kumtangazia. Nikamkuta anameza kidonge. Ameambiwa aendelee: anakunywa dawa kali za magoti, zinazoweza kumtoboa tumbo, kwa hiyo omeprazoli yake, inayomlinda tumbo, haikatwi. Haikatwi! Mimi nimenyang'anywa, yeye anapewa. Upendeleo mtupu! Marcelline anasema nimshukuru Mungu kwa kupona.

Kesho naingia kituoni nikichechemea. Sijaamua tu ni mguu gani.