Ombi la Kumfelisha Binti Yangu katika Somo la Tanzu za Filamu

Radisav Gvozdenović,
Msajili mstaafu wa vizazi, ndoa na vifo,
Kijiji cha Suva Lipa, karibu na Čačak.
12 Desemba

Profesa Lalatović mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako wote. Mimi sijambo, ila mgongo. Ninakuandikia kama baba wa Tijana, mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, na ombi langu ni dogo: Ijumaa ijayo utakapobandika matokeo, mpe tano. Nimeambiwa sita ndiyo alama ya kupita, na kwamba anayeshindwa somo lako hurudishwa kwao. Basi mrudishe. Chumba chake kimefagiliwa na jiko la kuni linawaka.

Nisije nikaonekana baba katili, naomba nitoe sababu zangu kwa utaratibu, kama nilivyozoea ofisini.

1. Uliwapa wanafunzi kazi ya kupiga picha tukio moja la nyumbani na kulisimulia kwa tanzu tatu: kichekesho, filamu ya kutisha, na filamu ya wapanda farasi wenye bastola. Tijana akachagua sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, siku ambayo hatualiki mtu na kila mtu huja. Nilikubali kwa sababu sikuwa nimemwona tangu Septemba. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

2. Hukumfundisha kwamba mgeni huingia mlangoni mara moja tu. Milojko, aliyenisimamia ndoa yangu, alifika saa tano asubuhi, akavua kofia, akasema, "Heri ya mtakatifu wako, mwenye nyumba!" Nikampa kijiko cha ngano tamu, nikampa kikombe cha rakija, ile kali ya plamu zangu mwenyewe, akanywa. Hapo Tijana akachomoza kichwa nyuma ya kamera: "Ami Milojko, samahani, kofia imekuziba uso. Hebu rudi nje uingie upya."

Sasa, Profesa, wewe ni mtu wa nchi hii. Anayevuka kizingiti siku hiyo ni mgeni, na mgeni hupewa ngano na rakija. Tijana alinisihi, "Baba, mtilie maji tu, kwenye picha nani atajua?" Nikamwambia, "Mtakatifu atajua." Milojko aliniunga mkono kwa nguvu zote.

Aliingia mara tisa. Mara ya pili alipigwa picha kwa mbali, ya tatu kwa karibu, ya nne vilipigwa viatu peke yake. Mara ya sita alilitakia heri kabati la vyombo. Mara ya saba aliniomba radhi kwa ajili ya mpaka wa shamba aliousogeza mwaka 1998, jambo ambalo sikuwa nikilijua. Mara ya tisa alitoa salamu kwa sauti nzuri sana, akiwa amekaa sakafuni. Mkewe Radojka, aliyekuja kumchukua, naye alivuka kizingiti. Mara nne.

3. Kuna kitu mnakiita mwendelezo. Mshumaa wa mtakatifu huwaka mpaka mwenye nyumba auzime kwa divai. Tijana akapiga kelele, "Baba, mshumaa umefupika! Kwenye picha ya kwanza ulikuwa mrefu!" Nikamjibu kwamba mshumaa ukiwaka hufupika, nimeliona hilo maisha yangu yote. Akasema watazamaji watachanganyikiwa, akataka tuwashe mwingine wa kimo kilekile. Nilimgeukia Padri Sreten, aliyekuja kuubariki mkate, nikitegemea atakemea. Padri aliuliza shavu lake lipi linapendeza zaidi, kisha akauzungusha mkate wa sikukuu upande wa dirishani kwa ajili ya mwanga. Nimemwandikia askofu barua ya peke yake.

4. Mnafundisha pia kwamba kuna mstari ambao mwenye kamera haruhusiwi kuuvuka, la sivyo watu wanaozungumza wataonekana kama wamepeana visogo. Binti yangu aliuchora sakafuni kwa chaki. Dada yangu Desanka alipouona alishika msalaba wake shingoni: "Nani kauchora huu? Mimi siuruki!" Tijana akamweleza, "Shangazi, huu ni wa kamera tu, wewe pita." Desanka akajibu, "Ndivyo wanavyosemaga wote." Alibaki kwenye pembe ya jiko kwa saa mbili na nusu, na keki zote alikuwa nazo yeye.

5. Hapa sasa ndipo naomba unisikilize vizuri. Kwa miaka thelathini na mmoja niliandika kwenye vitabu vya serikali nani kazaliwa, nani kaoa na nani kafa. Ningekata mstari mmoja nikaubandika pengine, ningefungwa. Binti yangu anafanya hilohilo, mnamwita mhariri.

Kwenye kichekesho chake Desanka anakosa kiti na kuanguka, kisha mimi ninacheka mpaka machozi. Profesa, mimi nilicheka saa nane mchana, kwa jambo jingine kabisa. Desanka alianguka saa kumi, na mimi ndiye niliyemwinua. Lakini filamu ilipoonyeshwa Jumapili iliyofuata, ukumbi mzima wa kijiji uliona vinginevyo, na tangu Jumapili hiyo dada yangu hapokei simu yangu.

Kwenye filamu ya kutisha ninakata nyama iliyokaushwa kwa moshi. Basi, hakuna zaidi. Ila naona kisu, kisha jicho langu peke yake, kubwa kama sahani, kisha Milojko amelala, kisha kisu tena, na fidla inalia kama paka aliyekanyagwa. Sasa Radojka akija kununua jibini humtanguliza mbwa. Na kwenye ile ya wapanda farasi, mimi na Padri tunatazamana mezani kwa dakika nzima bila kupepesa. Tulikuwa tunasubiri supu.

6. Ugonjwa huu umeenea. Tarishi husimama langoni kwangu, miguu ameitanua, ananikazia macho kwanza ndipo anatoa bahasha. Padri asiporidhika na baraka aliyoitoa, huirudia. Milojko huja kila asubuhi na kuuliza, "Mwenzangu, leo hutaki niingie?"

7. Kwa hiyo, pamoja na kumfelisha Tijana, naomba yafuatayo yafikishwe kwa wahusika. Mtu yeyote anayetaka kujifunza kuhariri atumikie kwanza mwaka mmoja katika ofisi ya usajili, chini ya ulinzi. Kamera zipewe leseni kama bunduki. Na kila kaya iandikishwe rasmi chini ya utanzu mmoja, ili watu wajue wanaishi ndani ya filamu gani na wasihamishwe bila idhini.

Nilianza kuijaza fomu ya kaya yangu mwenyewe kama mfano, nikakwama. Mama yake Tijana alitutoka miaka mitatu iliyopita. Tangu binti naye aondoke, humu ndani hakuna kinachotokea. Kuna sahani moja, redio, na mimi. Si kichekesho, na wala hakitishi. Kama idara yako inalo jina la utanzu huo, nijulishe, nitaliandika.

Nakushukuru kwa subira yako. Wasalimie wahadhiri wenzako wote, yule mama wa kantini anayempa Tijana maharage ya ziada, mlinzi wa lango, na wanafunzi wote, hata wale waliocheka.

Wako katika kutunza kumbukumbu sahihi,
R. Gvozdenović

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliitazama filamu tena, mara ya kumi na moja, nikitafuta kasoro zaidi. Nikagundua kwamba katika dakika zote kumi na mbili binti yangu haonekani hata mara moja. Desanka yupo, kabati lipo, yeye hayupo. Alikaa kwangu siku mbili nzima na sina picha yake hata moja. Nimelia, sifichi.

Naomba uzifute hoja zote saba. Mpe sita, au hata tisa. Ile picha ya viatu ni nzuri, kijiji kizima kinasema. Ila mwambie kuna picha moja imekosekana: binti anafika kwao, anafungua lango, anaingia. Aje aipige, na safari hii kamera ashike mtu mwingine. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Ikitoka vibaya mara ya kwanza, mwambie airudie. Mimi nina nafasi majira yote ya baridi.