Sinia la Ukoo wa Tapscott

Jumanne, 6 Machi
Mungu nisaidie. Jumamosi anakuja kula kwetu Bi Lavinia Strode, mama wa mchumba wa binti yangu Verity. Kwao hata kijiko cha chumvi kina nembo ya ukoo. Kwetu hata mapazia hayalingani! Sikubali mwanangu adharauliwe. Nimekwenda mnadani, nimenunua sinia la fedha lenye nembo: mkono umeshika samaki. Nimemwambia mke wangu ni la babu. Muriel kauliza babu yupi, yule muuza makaa? Nimekwenda kuling'arisha sinia.

Alhamisi, 8 Machi
Kutwa nzima maktabani na kitabu cha nembo. Balaa! Mkono na samaki ni nembo ya koo kumi na moja, Tapscott hatumo. Ila Gilmore wamo, na nyanya yangu alikuwa Gilmore. Au Gilbert. Si mbali. Verity kanisihi Jumamosi niwe mtu wa kawaida, siku moja tu. Maskini, hajui ninavyompigania.

Jumamosi, 10 Machi
Nimeumbuka! Nilileta kahawa juu ya sinia, nikaanza habari za mababu. Bi Lavinia akaondoa vikombe, akaliinua, akalipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukatanda. Salaale! Chini ya ule mkono wa nembo kikatokeza kichwa cha nguruwe, nembo ya kwanza, iliyosuguliwa ikafutwa. Akauliza kwa upole kama babu alikuwa wa samaki au wa nguruwe. Muriel akasema njia ya mwongo fupi. Verity akakimbilia jikoni akilia.

Nikamfuata, nikakiri yote. Nikasema sikutaka wamwone mtoto wa mtu hivihivi. Akanichapa na kitambaa cha vyombo, kisha akanikumbatia. Nampenda mno mtoto huyu.

Jumapili, 11 Machi
Bi Lavinia kaja na keki ya ndimu. Kanivuta bustanini, kaniambia siri: vile vijiko vyao mama mkwe wake alivinunua mnadani, sanduku zima, mwaka 1911. Ndiyo maana anajua kupulizia! Tumecheka hadi machozi. Kasema harusi iwe Juni, na sinia nisilifiche, zuri. Verity anaimba ngazini. Muriel kanisamehe.

Ila nimewaza. Wao wamenunua tangu 1911, sisi tangu Jumanne. Si watamwona mwanangu mtu wa juzi? Haiwezekani! Jumatano kuna mnada mwingine. Wanauza buli lenye nembo ya tai, pamoja na risiti yake ya mwaka 1908.