Tosheni za Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe amenikabidhi gari lake. Mimi, si shemeji! Lile jekundu la michezo, la viti viwili, alilomwendea nalo mama mkwe wakati wa uchumba. Shemeji, mwanawe wa kumzaa, amepokea habari kwa kukohoa.

Sharti ni moja. Jumamosi wazee wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na mzee anataka kuliendesha mwenyewe, mama mkwe kando yake, wazunguke mji. Daktari wa macho amempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hatashika usukani tena.

Tatizo: gari limekaa chini nyuma kama bata anayeatamia.

Jumanne, 5 Machi
Nimelipeleka kwa Mama Spana, fundi anayelihudumia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akanieleza kuwa halina springi za kawaida. Linabebwa na fito za chuma zenye meno nchani, zinazojisokota, ziitwazo tosheni. Za nyuma zimelegea kidogo tu. Akizichomoa na kuzirudisha kwa kuzisogeza jino moja, gari litasimama sawa.

Nilikuwa karibu kukubali. Ndipo shemeji akapita, mikono mfukoni, akasema hata yeye anaona tosheni zibaki.

Hapo hapo nikajua jibu ni koilova. Koilova ni springi iliyovishwa juu ya shokapu. Unaizungusha kwa spana, gari linapanda au kushuka upendavyo. Ya kisasa. Na mimi ni mwalimu wa fizikia, springi ndio ugali wangu.

Mama Spana alifuta mikono kwanza. "Mwalimu, pale shokapu inaposhikia juu palitengenezwa pazuie mtikisiko, si pabebe gari. Ukitaka koilova, nipe wiki mbili nipaimarishe."

Wiki mbili sina. Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshamaliza kufikiria.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempata fundi mwingine, wanamwita Chapuchapu. Hakuuliza hata swali moja. Kufikia adhuhuri koilova zilikuwa zimekaa mahali pake.

Mke wangu nimemwambia gari liko kuoshwa. Tosheni nimezifunga kwenye shuka kuukuu na kuzisukuma chini ya kitanda. Jioni amejigonga kidole cha mguu. Akauliza ni nini kile. Nikasema vifaa vya shule. Akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda.

Ijumaa, 8 Machi
Gari limependeza mno! Si bata tena: mbele na nyuma limelala chini sawasawa, kama paka anayenyemelea. Shemeji akaja, akalizunguka mara mbili, akachuchumaa, akainuka. Hakusema kitu. Angelisema vibaya ningemjibu, majibu matatu nilikuwa nayo mdomoni. Kunyamaza kwake kumenikera mchana kutwa.

Kabla ya magharibi nimechukua spana, nikalishusha mizunguko minne zaidi. Kesho atasema tu.

Jumamosi, 9 Machi
Sijui nianzie wapi.

Ukoo mzima ulisimama getini. Mzee amevaa suti, mama mkwe kilemba cha rangi ya gari. Wakaondoka taratibu, tukawapungia mikono. Hatua sitini mbele kuna tuta. Magurudumu ya mbele yakavuka. Kisha gari likakaa juu ya tuta kwa tumbo, likatulia. Mzee akakanyaga mafuta, ukasikika mlio kama wa mlango wa kabati unaong'olewa. Nyuma kulia kukaenda chini kabisa.

Nikakimbia, na viatu vyenyewe vipya. Nikainama dirishani kuomba radhi, na mbele ya mama mkwe sikuweza hata kuinua macho. Nilikuwa tayari kulitaja tuta, Chapuchapu na viongozi wa mtaa. Mzee akanionyesha kiganja. "Subiri kidogo, mwanangu. Mama yako hajamaliza kuhadithia habari za uchumba wetu."

Wakakaa humo nusu saa. Magari yakapiga honi nyuma yao. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilisimama kando ya barabara kama nguzo, nikitamani ardhi inimeze.

Shemeji akaja, akavua koti, akaniambia nishike upande ule. Tukaliinua pamoja na majirani wanne. Hakunicheka. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemweleza mke wangu kila kitu. Akasema kidole chake kilijua tangu Alhamisi.

Baada ya masomo nimempelekea Mama Spana tosheni zake ndani ya shuka. Akauliza ipi ya kulia, ipi ya kushoto, maana kila moja imezoea kujisokota upande wake. Sikujua. Kwangu zilikuwa fito mbili. Akachukua tambara, akafuta grisi, akanionyesha herufi iliyogongwa kwenye ncha.

Palipopasuka, pale pale aliponionya, atapachomelea. Nimekaa juu ya tairi bovu nikimshikia taa. Hakunigombeza. Ila alipoomba spana ndogo nikampa bisibisi, akashusha pumzi ndefu.

Alhamisi, 14 Machi
Mzee ameendesha.

Wametoka saa nne, wakarudi saa nane. Tuta wamelivuka gari likiinama kidogo tu, kama mtu anayesalimia. Waliporudi mzee hakushuka mara moja. Alizima injini, akatoa leso, akafuta usukani wote taratibu, hasa pale mikono yake ilipozoea kukaa. Kisha akanipa ufunguo.

"Litunze," akasema.

Nikaupokea kwa mikono miwili. Shemeji naye alikuwa ameangalia pembeni.

Jumamosi, 16 Machi
Nimeapa mbele ya mke wangu kuwa gari sitaligusa. Amefurahi.

Asubuhi nilikwenda kulifuta vumbi tu. Nyuma limesimama vizuri kiasi kwamba mbele sasa linaonekana limeinama. Si sana. Upana wa vidole viwili. Nimelala chini kuangalia. Kuna boliti ya kulipandishia. Moja kila upande, imekaa pale wazi, kama inayomsubiri mtu aliyesoma.

Mama Spana hana haja ya kusumbuliwa kwa jambo dogo namna hii. Mke wangu yuko sokoni hadi saa sita.

Mizunguko miwili tu. Labda mitatu.