Viini Vitatu Vipumzike

Jumatatu, 2 Septemba
Hili sijamwambia mtu. Laptopu niliyomchagulia Shangazi haina mwendo wa gigahezi nne nukta sita nilioutangaza mbele ya karakana nzima. Ina moja nukta nane. Hiyo nne nukta sita, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi, hupatikana pale tu kiini kimoja kati ya vinne vya prosesa, ubongo wa kompyuta, kinapofanya kazi na vile vitatu vimepumzika. Hapo hicho kimoja hujiongezea mwendo chenyewe. Maelezo haya yako kwenye karatasi ya ndani, kwa maandishi ya kuhurumia wino. Nimeyasoma leo. Karatasi nimeificha.

Nafuu ni kwamba programu yetu ya kugeuza picha kuwa nembo za kudarizi hutumia kiini kimoja tu. Shangazi kanipa kiti cha kompyuta hadi Ijumaa. Nikishindwa kuuonyesha mwendo huo, kiti ni cha binamu yangu Injinia, nami nirudi mezani kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nembo. Injinia hajasomea uinjinia. Aliwahi kutengeneza feni.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeweka programu ya kupima mwendo. Mbili nukta tatu. Nembo moja ya shule, dakika kumi na moja. Kompyuta kuukuu ya Injinia, tisa. Akaitazama laptopu, akauliza kama mgeni wetu ameshakunywa chai. Nikamjibu vikali sana, moyoni.

Jumatano, 4 Septemba
Nimeipunguzia laptopu mzigo. Nimezima muziki. Karakana nzima imenishukuru kwa macho. Mteja aliyetaka kuonyeshwa picha za nembo nimemwomba arudi wiki ijayo. Ili kuwa na uhakika, nimeongeza kipimo cha pili cha kukichunguza cha kwanza, na cha tatu cha kuchora grafu. Mwendo umeshuka. Ajabu.

Alhamisi, 5 Septemba
Nne nukta sita! Nimeiona kwa macho yangu, muda wa chafya moja. Nikamwita Shangazi. Sauti yangu ilifika nusu ya chumba, ikabidi dada anayepiga pasi nembo anisaidie kuita. Shangazi alipofika, ilikuwa moja nukta tisa. Akasema hata yeye ujanani alikuwa na mbio, ila hakuna aliyewahi kuwepo akaziona.

Tatizo ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguza mwendo. Nikaigeuza feni kutoka kwa dada wa pasi, iielekee laptopu. Akauliza, jasho likimtiririka, kama mgeni aletewe na shuka, asije akashikwa na mafua.

Ijumaa, 6 Septemba
Nilikwenda kunawa. Niliporudi, Injinia alikuwa amekalia kiti changu na amefunga vipimo vyote vitatu. Nembo ya mwisho: dakika tano. Kumbe inafanya kazi. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Injinia akamweleza Shangazi, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kwamba vile viini vingine havikupata nafasi ya kupumzika kwa sababu vilikuwa vimebeba vipimo vyangu. Shangazi akaniuliza kama ni kweli. Nikaanza kumtafutia grafu. Akasema, laptopu umechagua vizuri, mwanangu, ila sasa iachwe ifanye kazi.

Kiti kapewa Injinia.

Jumamosi, 7 Septemba
Meza ya nyuzi. Nembo mia tatu, na gari la shule linazifuata saa tisa. Mezani tuko wanne. Wanne, hesabu ileile. Watatu wakipumzika, mmoja huongeza mwendo. Hili limeshathibitishwa, na aliyelithibitisha ni Injinia mwenyewe. Nikawashawishi wenzangu watoke nje. Sijawahi kuona watu wakishawishika upesi namna ile. Shangazi akiona kasi yangu, kiti kitarudi.

Ili kuwa na uhakika, nimeweka saa mezani, na kila nikimaliza nembo moja naandika muda wake kwenye daftari hili. Saa hizi ni saa saba. Nembo kumi na nne.

Wewe unayesoma, Shangazi akikuuliza wale watatu wako wapi, tafadhali, hujaona mtu.