Yule Bibi wa Mayai Alijibu Nini?

Gazeti la asubuhi ndilo lililowasha moto. Moshi, mchochea kuni wa bafu la umma pale mtaani Asakusa, alilisoma kwa sauti kwenye benchi la chai: huko Amerika, picha za sinema zimeanza kusema zenyewe.

“Zinasema Kijapani?” akauliza Miguu, mvuta mkokoteni wa abiria.

“Wewe nawe! Kiamerika.”

“Basi heri zibaki bubu. Wakimfukuza msimuliaji wetu anayesimama kando ya pazia na kuwasemea wote, tutajuaje nani anampenda nani?”

Genshichi, fundi miavuli ambaye wao humwita Mwavuli, hakuwa amegusa chai yake. Jana alimposa Otane, mjane anayeuza mchemsho kwenye kona. Otane aliinamisha uso, akasema, “Jibu langu ni lile la yule bibi wa kwenye picha ya mayai.” Kisha akatimua mbio.

“Jamani,” Mwavuli akasema polepole, “kwenye ile picha, jamaa anapompigia bibi goti na kofia imejaa mayai, bibi alijibu nini?”

“Alikubali!” Moshi akaruka. “Nimeiona mara saba pale sinema, Jumba la Korongo. Bibi alisema, ‘Hata leo, bwana wangu, kabla mayai hayajavunjika.’ Nililia mpaka jirani akanipa leso.”

“Korongo wamekuibia, kaka,” Miguu akadakia. “Mimi niliiona Jumba la Mwezi. Msimuliaji wa pale ana sauti ya kutetemesha mbao. Bibi alisema, ‘Kaoge kwanza.’”

“Kaoge?”

“Tena ile haikuwa posa. Mtu anayeposa huketi kwa adabu, magoti mawili. Goti moja ndiyo nini? Jamaa alidondosha kifungo, anakitafuta.”

“Kifungo gani cha kumtoa mtu machozi?”

“Cha suruali! Mbele ya mwanamke! Wewe ungecheka?”

“Mimi jana nilipiga goti moja,” Mwavuli akasema.

Benchi zima likamgeukia.

“Maskini,” Miguu akasema. “Ulikipata?”

“Acheni utani! Otane kasema jibu lake ni lile la yule bibi. Yeye aliiona jumba lipi? Ikiwa Korongo, naoa. Ikiwa Mwezi, naoga.”

Hapo hapo Otane akatokea, amekumbatia sufuria ya mchemsho, mvuke umemfunika uso. Mwavuli akasimama, akakaa, akasimama tena.

“Shemeji,” Miguu akaropoka, “picha ya mayai uliiona wapi?”

“Jumba la Mwezi.”

Mwavuli akahisi masikio yamekuwa barafu.

“Lakini siku hiyo msimuliaji alikauka koo,” Otane akaendelea. “Hakutamka hata neno.”

“Sasa bibi alijibu nini?” Mwavuli akauliza, sauti imebaki nusu.

Otane akatazama ncha za viatu vyake vya mbao. “Niliangalia midomo tu. Nadhani alisema, ‘Mbona unaniacha nibebe sufuria peke yangu?’”

“Ile picha haina sufuria!” Moshi akapiga benchi. “Mara saba nimeiona!”

“Ya Korongo haina. Ya Mwezi labda ipo!” Miguu akajibu.

“Na hata ikiwepo, sufuria ni ndiyo au hapana?”

“Inategemea ndani mna nini!”

“Tumuulize mwenyewe. Mwavuli, we Mwavuli!”

Mwavuli alikuwa ameshakata kona, sufuria kifuani, na Otane nyuma yake akimgombeza kwamba anamwaga mchuzi.