Nyumba Inayopumua ya Hengki

Siku maonyesho ya biashara ya mji wa Manado yalipofungwa, wenye vibanda walifungasha bidhaa zao na kuviacha vibanda vyenyewe. Vibarua wakaanza kuzirundika kuta zake nyuma ya ukumbi ili zipelekwe jalalani. Kila aliyepita pale aliona takataka. Hengki Walangitan aliona mtaa mzima wa nyumba.

Zilikuwa kuta za karatasi ngumu, ndani zimefumwa vijishimo kama sega la nyuki, nje zimepakwa rangi ya kijani. Kila ukuta ulikuwa na jani limechorwa pembeni, na jani hilo ndilo lililomgusa moyo. Hengki alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele, viti vya mbele vya tamasha ambalo halikuwapo, na safari moja, kwa mchungaji mwenye haraka, kengele ya kanisa la watu wengine. Lakini kitu chenye jani hakuwahi kukiuza, na alijua kwamba siku hizi mtu akiona jani huacha kuuliza maswali.

Akawagawia vibarua sigara na chakula cha mchana, akaazima lori, akatangulia mbele na gari lake jekundu. Jua lilipoinama, shehena nzima ilikuwa inapanda mlima kwenda Tomohon.

Utasema, tapeli wa nyumba anatafuta nini Tomohon? Pale Woloan, kitongoji chake, nyumba za mbao husimama kando ya barabara zikingoja wateja, kama kwingine wanavyopanga mananasi. Ukiipenda moja, mafundi wanaifungua ubao kwa ubao, wanaipakia, na baada ya muda mfupi unalala ndani yake kisiwa kingine. Hengki alipiga hesabu yake: watu waliozoea kununua nyumba barabarani hawatashtuka kuona moja zaidi. Hapo hakukosea. Alikokosea ni kwingine.

Alikodi kiwanja mkabala na karakana ya seremala mmoja, akaziunga zile kuta ziwe nyumba, akaisimamisha juu ya kreti za soda ili ifanane na jirani zake, akatundika ubao mkubwa: NYUMBA INAYOPUMUA. RAFIKI WA MAZINGIRA. Chini yake aliandika bei ya uzinduzi, ambayo haikufikia hata bei ya pikipiki mpya. Bei hiyo ilikuwa chambo tu. Nia yake ilikuwa kukusanya malipo ya awali ya nyumba zitakazoagizwa kiwandani, Ulaya ya kaskazini, kisha Hengki naye aagizwe kwingine asikojulikana.

Samaki wa kwanza alikuja kwa miguu yake, akiwa na mwavuli na viatu vya kanisani. Alikuwa Oma Yultje Pangemanan, yaani Bibi Yultje, mjane mwenye mashamba ya karafuu na kilima kizima kinachotazamana na mlima Lokon. Habari zake zilikuwa zimemfikia Hengki hata kabla hajashusha mizigo: kwamba bibi huyo anataka kujenga vijumba vya kupangisha wageni, na kwamba mkono wake hauachii rupia bila kuiaga mara mbili.

"Nyong," alisema Oma, akimwita kama wazee wa huko wanavyowaita vijana, "umeandika inapumua."

"Inapumua, Oma. Usiku inavuta hewa chafu, asubuhi inatoa safi."

"Na inakula?"

"Haili kitu."

"Basi ina nafuu kuliko marehemu mume wangu. Imetengenezwa kwa nini?"

"Maganda ya mpunga na utomvu wa mianzi, Oma. Hakuna mti hata mmoja uliolia kwa ajili ya nyumba hii."

Oma akaugonga ukuta kwa kidole. Ukatoa sauti ya boksi la viatu. Hengki akadakia upesi, "Umesikia? Wepesi huo ndio utaalamu wenyewe. Unaibeba mahali popote, unaifunga kwa siku moja."

Oma akauzunguka ule mjengo mzima taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akasema, "Nataka kumi."

Hengki akapiga hesabu kichwani. Malipo ya awali ya nyumba kumi! Hiyo ni Bali na fukwe zake, hiyo ni mwaka mzima wa kulala mpaka saa nne.

"Ila hii ya kwanza naichukua kwa bei ya ubaoni," Oma akaendelea. "Jumamosi tutaifanyia maramba. Ikisimama, palepale sakafuni tutazungumza habari za zile kumi."

"Maramba," alisema Hengki.

"Au kwenu Manado mmeacha?"

"Tuache wapi, Oma. Na wageni watakuwa wengi?"

"Wengi wapi. Ukoo tu."

Hengki alikulia mjini, katika nyumba ya saruji, ambako sakafu haina wasiwasi na mtu. Habari za maramba alikuwa amezisikia kwa bibi yake: nyumba mpya ikikamilika, watu hujazana ndani, hushikana mikono, huimba, na hupiga miguu chini kwa pamoja kwa nguvu zao zote, ili mwenye nyumba ajue kabla ya kulipa na kulala kama itambeba. Na Mminahasa, mtu wa milima hii, akisema "ukoo tu", mwenye akili hupika sufuria la harusi.

Oma alipoondoka, Hengki aliingia ndani, akasimama katikati, akapiga mguu chini mara moja. Mguu ukazama mpaka gotini.

"Pole," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Hapo imekohoa, haijapumua."

Alikuwa Om Berti, yaani mjomba Berti, yule seremala wa karakana ya mkabala, mzee mnene mwenye penseli sikioni. Alivuka barabara bila haraka, akamsaidia kuuchomoa mguu, akachungulia tundu. Hakucheka, na jambo hilo Hengki alilihesabu kuwa ni ustaarabu.

"Om," alisema Hengki akijipangusa, "shehena ya sakafu imecheleweshwa bandarini. Nahitaji maboriti machache tu ya kushikiza mpaka Jumamosi. Siri yetu."

"Maboriti yapo," alisema Om Berti. "Ila boriti halikai juu ya kreti ya soda. Linataka nguzo."

"Basi na nguzo."

"Nguzo zikisimama na hizi kuta zikabaki za boksi, watu wakipiga mguu kuta zitawaangukia. Utataka fremu."

"Weka fremu."

"Fremu ya mti hutaibebesha paa la karatasi. Mvua ya Tomohon unaijua?"

Mvua ya Tomohon ilijitambulisha yenyewe usiku huohuo. Asubuhi ukuta wa nyuma ulikuwa umelegea kama ubwabwa, na jani lake limechuruzika mpaka chini. Hengki aliutazama akaona Bali inachuruzika nayo.

"Sina fedha taslimu, Om," alikiri.

Om Berti akatazama gari jekundu lililoegeshwa kando. "Lakini una mali."

Hapa yafaa tutulie kidogo kwa heshima. Gari lile ndilo kitu pekee ambacho Hengki alikuwa amekinunua kwa njia za kawaida, kwa awamu, bila kumdanganya mtu. Alilipenda kweli. Lakini akaliweka upande mmoja wa mizani, upande wa pili akaweka malipo ya nyumba kumi, na tamaa yake ikamwambia kwamba mwenye fedha hiyo atanunua magari mawili, la pili la kubebea viatu. Akatoa funguo, akaugeuza uso wake pembeni.

Mafundi wa Om Berti walikuja kwa wingi na kelele. Walileta mbao za cempaka, mti wa huko, zilizokauka vizuri, zimekwisha kukatwa na kutobolewa, kila moja ikijua mahali pake. Walizipachika ulimi kwa tundu, bila msumari, wakipigiana hadithi za wake zao. Hengki alizunguka huku na huko akiamuru mambo ambayo yalikuwa yamekwisha kufanywa. Kufikia Ijumaa, cha zamani kilichobaki kilikuwa ubao wa tangazo na kipande kimoja cha ukuta chenye jani, walichokipigilia juu ya mlango kama pambo.

Jioni ile, mafundi walipokwenda kula, Hengki aliupitisha mkono ukutani. Mbao zilikuwa nyororo, na upepo wa mlimani ulikuwa unapita chini ya sakafu na kutokea madirishani, nyumba nzima ikawa na ubaridi mtamu. Alijikuta anaona fahari. Jambo hilo lilimtisha, akatoka nje kuvuta sigara.

Jumamosi alasiri ukoo ukaja. Walikuja na malori, na pikipiki za watu watatu watatu, na wali uliopikwa ndani ya mianzi, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na madumu ya tembo liitwalo saguer. Mwisho likaja gari jekundu, limeoshwa likang'aa. Om Berti alikuwa kwenye usukani. Nyuma, na mwavuli wake, alikuwa Oma Yultje.

Hengki alimsogelea akamfungulia mlango.

"Oma," alisema akijikaza kutabasamu, "Om Berti mnafahamiana?"

"Nisimfahamu vipi mdogo wangu? Nimembeba mgongoni huyu, wakati alikuwa bado anabebeka."

Hakukuwa na nafasi ya kuuliza zaidi, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kuingia, wamejaa mpaka madirishani. Mzee mmoja akaanzisha wimbo, mikono ikashikana, na miguu ikashuka kwa pamoja. Kishindo kikasikika mpaka kanisani. Wakapiga tena, na tena, wanene wakiwa katikati kama ilivyo desturi. Nyumba ikaunguruma kama tumbo la mtu aliyeshiba, ikatulia. Halikulegea hata ungio moja.

Oma akapasua njia kati ya watu, akamwekea Hengki mkononi bahasha yenye bei ya ubaoni, kamili. Kwa fedha hiyo Hengki angeweza kulinunulia lile gari matairi.

"Na zile kumi, Oma?" aliuliza, sauti imemshuka. "Malipo ya awali?"

"Nilisema tutazungumza. Tunazungumza." Oma alivuta kiti cha plastiki akaketi. "Huku kwetu hakuna alipaye kabla ya kukanyaga, Nyong. Wewe jenga kumi kama hii, kwa bei hii hii. Tutakuja tukanyage, kisha tutalipa."

"Oma, mmenimaliza."

"Nani kakumaliza? Ulisema unauza nyumba, nimenunua. Ulisema inasimama, imesimama. Inapumua kweli, sikia upepo huo. Siku ile nilipogonga ukuta nikasikia boksi, nikamwambia Berti: kijana huyu ana moyo wa kujenga, anakosa mbao tu, msaidie. Sasa Tomohon nzima nitawaambia wewe ni mfanyabiashara mwaminifu."

Hakuna neno lililowahi kumuuma Hengki kama lile. Mtu anaweza kuishi akiitwa mwizi, lakini tapeli akishaitwa mwaminifu mbele ya watu atakula wapi?

"Njoo, usisimame kando," Om Berti akamwita, akimvuta mkono kuingia kwenye duara. "Fundi hukanyaga nyumba yake."

Hengki akaingia. Wimbo ukaanza upya, naye akainua goti mpaka kifuani na kuushusha mguu kwa hasira yake yote. Alilikanyagia gari jekundu, akaikanyagia Bali, akakanyaga huku akiomba moyoni ubao mmoja tu uvunjike, hata ufa mdogo, ili awe na cha kusema. Jasho lilimtiririka, viatu vikamtoka. Watu waliacha kuimba wakamwachia nafasi, wakimpigia makofi, na chini ya nyayo zake sakafu ilikuwa tulivu kama mwamba.

Oma Yultje akainama sikioni kwa jirani yake.

"Mwone anavyofurahi," alisema. "Hata yeye haamini kama ameijenga."