Ushahidi Utafuata

Jumatatu, 4 Machi.
Dhuluma! Profesa ametangaza kwamba nafasi ya msaidizi wa kufundisha insha za hoja ni moja tu. Tuko wawili: mimi, mtetezi wa wanyonge, niliyewahi kuliamsha bweni zima kwa hotuba, na yule ninayemwita Mnong'ono, ambaye akizungumza hata nzi hashtuki. Nafasi ataipata yule ambaye kundi lake litaandika insha yenye ushahidi madhubuti zaidi. Nimepita mlangoni pa Mnong'ono. Darasa limefurika. Wanacheka! Katika somo la hoja! Kwangu wamekuja wachache, na mmoja kalala.

Jumanne, 5 Machi.
Nimewafunulia vijana wangu siri ya hoja: kwanza hitimisho, kisha ghadhabu, ushahidi utafuata. Binti wa kiti cha mbele, mdadisi kupita kiasi, akauliza utafuata kutoka wapi. Nikamkata jicho. Papo hapo wazo likanijia. Nimewapa mada: ni nani kati yetu anayefundisha hoja vyema zaidi? Waende kwa Mnong'ono, wakusanye kasoro zake zote. Hitimisho nimeshawaandikia ubaoni. Najipongeza.

Alhamisi, 7 Machi.
Wapelelezi wangu hawajarudi. Nimechungulia dirishani. Wamekaa safu ya mbele, na yule msinziaji kainua mkono! Mnong'ono anawafundisha kuupima ushahidi: nani kasema, kajuaje, nani mwingine kaona. Mambo ya kitoto. Nimeyaandika kiganjani, kwa tahadhari tu.
Jioni nikamsimulia dada yangu, aliyekuwa akipiga pasi. Hakuinua hata macho.
"Kaka, umewatuma watu wakatazame, halafu unaomba wasione."
Dada hajasoma siasa.

Ijumaa, 8 Machi.
Profesa ametangaza mbele ya wote: insha ya kundi langu ndiyo bora! Wamehoji wanafunzi wa pande zote mbili, wamelinganisha kazi zao za zamani na za sasa, kila dai na chanzo chake. Nikasimama kupokea shangwe. Ndipo akasoma hitimisho. Nafasi apewe Mnong'ono, mimi ni kipaza sauti kisicho na taarifa, na katika vipindi vyangu vyote sijataja chanzo hata kimoja.
Profesa akanigeukia, akataka kujua kama naikubali insha hiyo. Mtego! Nikiikubali, nimejihukumu. Nikiikataa, kundi langu halina insha. Nikachagua njia ya tatu: nikapanda juu ya meza, nikahutubia. Ukumbi ulitikisika. Binti mdadisi alikuwa akiandika. Nilidhani ananukuu maneno yangu, kumbe anatafuta chanzo. Hakukipata. Profesa akanishukuru kwa kuwathibitishia vijana hoja yao, kisha akampa Mnong'ono nafasi.
Naye akanishika mkono, akasema kwa kisauti kile kile: "Umenilelea vijana wazuri, ndugu yangu. Naomba niendelee nao."
Nilitabasamu. Meno yaliniuma.

Jumamosi, 9 Machi.
Nimegundua njama! Profesa na Mnong'ono wote wawili huvaa viatu vya kahawia. Hiyo nayo ni bahati tu? Naandika makala ya kubandika kwenye ubao wa matangazo: "Uteuzi Batili." Hitimisho tayari. Ghadhabu tele. Nimempelekea ujumbe binti mdadisi anitafutie ushahidi kabla ya jioni. Amejibu kwa kuuliza kutoka wapi.
Masikini. Wiki nzima nimemfundisha, na hajashika kitu.